Maoni Yetu: Mfanya Kazi Si Mseja



Mwezi huu hatuanzi na habari za mishahara. Tunaanza na barua tatu alizopewa mwenzetu mmoja wa shifti ya usiku. Barua hizo zimetutia haya sisi wa ofisi ya chama, na mtu akiona haya ni vizuri aseme mbele ya wenzake.

Mwenzetu huyu ana miaka kumi na mmoja kazini. Hajaiba, hajaja kazini amelewa, hajagombana na msimamizi. Barua ya kwanza ilisema amekosa kazi siku mbili bila ruhusa. Ya pili ilisema amekosa siku tatu. Ya tatu ilimwita mbele ya wakubwa aeleze kwa nini asifukuzwe. Ndipo alipokuja kwetu, amezikunja karatasi zote tatu ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto wake. Tulipomwuliza kwa nini hakuja mapema, alisema: "Niliona aibu. Mtoto wangu ana kifafa, na ana mambo mengine ambayo madaktari hawajayajua."

Ametupa ruhusa tuandike habari yake bila jina. Twaomba msianze kumtafuta ni nani. Tukihesabu vizuri, tutakuta si yeye peke yake.

Mtoto ni mvulana wa miaka minne. Alipokuwa na miezi kumi na mmoja alishikwa na homa, mwili ukakakamaa, macho yakageuka juu. Nyanya yake alisema ni dege. Jirani mmoja aliyetoka pwani alisema kwao huitwa nyuni, na kwamba kuna ndege apitaye juu ya nyumba akamdhuru mtoto. Zahanati ilisema ni homa tu. Zahanati haikukosea kwa siku ile, kwa maana watoto wengi wa kati ya miezi sita na miaka mitano hukakamaa kwa sababu ya homa, na wengi wao hukua wakaacha. Lakini huyu alikakamaa tena bila homa, na tena, mpaka ikawa mara tatu kwa juma.

Kisha ikaja namna nyingine. Mtoto yuko anakula, mara kijiko kinasimama karibu na mdomo. Macho yanaangalia mbali. Ukimwita hasikii. Ukihesabu hadi kumi au kumi na tano anaendelea kula kana kwamba hakuna jambo. Mama yake ndiye aliyeona kwamba hiyo nayo ni kifafa. Baba alidhani ni ukaidi, na anakiri kwamba alimchapa mara mbili kwa kosa ambalo mtoto hakulifanya.

Na yako yale mambo yasiyo na jina. Mtoto alikuwa na maneno kama kumi; sasa ana matatu. Mguu wa kushoto unaburuta. Anakula lakini haongezi uzito. Wamekwenda kwa daktari wa kwanza akasema hivi, wa pili akasema vile, na wa tatu akasema, "Sijui bado. Tutaendelea kutafuta." Mwenzetu anasema huyo wa tatu ndiye aliyemwamini kuliko wote.

Basi walipelekwa mjini kupimwa umeme wa ubongo. Mtoto alibandikwa nyaya kichwani, akalala, mashine ikaandika mistari yake. Jibu lilikuja safi. Majirani waliposikia walisema: "Mnaona? Hospitali haina neno. Hayo ni mambo ya kwenu, tafuteni mganga." Mama anauza sukuma wiki na nyanya karibu na lango la nyumba za wafanya kazi. Juma lile wanunuzi walipungua. Watu wakaogopa kupokea chenji mkononi mwake.

Ndugu zetu, hapa ni lazima tuseme kwa sauti, kwa sababu wanunuzi waliopungua ni sisi na wake zetu. Kifafa hakiambukizi. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa sahani, wala kwa kumshika mtoto aliyeanguka. Si laana, wala si deni la marehemu. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo, kama vile waya wa mashine unavyoweza kupiga cheche mahali pasipotakiwa. Na mashine ile ya hospitali huandika yale tu yanayotokea katika muda mtoto amelala pale. Kama ubongo umetulia saa ile, jibu huwa safi, na mtoto akaanguka jioni ile ile. Jibu safi si ushahidi kwamba mtoto hana kifafa. Daktari hutegemea zaidi maelezo ya mtu aliyemwona mtoto akianguka.

Tena, wenzetu hawa hawako peke yao duniani. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu 80 katika kila 100 wao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Katika karibu nusu ya wagonjwa wote, chanzo hakijulikani. Huku kwetu tunajua baadhi ya vyanzo: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kwa shida, malaria inayopanda ubongoni, kuumia kichwa, na minyoo ya tegu itokayo kwa nguruwe. Huko Kilifi watafiti wa KEMRI na wenzao wameuchunguza ugonjwa huu miaka mingi. Hata hivyo mzazi anaweza kuuliza maswali yote hayo, akajibu "hapana" kwa kila moja, na mtoto bado anaanguka.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa hesabu. Shirika hilo hilo linasema watu hadi 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa vizuri. Dawa moja ya zamani, fenobabitali, imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na ni ya bei nafuu. Dawa haingoji jina la chanzo. Daktari huweza kuanza kumtibu mtoto huku akiendelea kutafuta. Mtoto wa mwenzetu alipewa dawa ya kwanza ikamfanya awe mkali na asiyetulia. Ikabadilishwa. Sasa anaanguka mara moja au mbili kwa mwezi badala ya mara tatu kwa juma. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa na mama, baba na kliniki, ingawa jina la ugonjwa mwingine bado halijapatikana.

Sasa tuje kwenye jambo letu la chama. Kazi hiyo ilifanywa kwa siku. Siku hizo zilitoka wapi?

Hesabuni pamoja nasi. Kuchukua dawa kila mwezi ni siku kumi na mbili kwa mwaka, kwa kuwa foleni huanza alfajiri na huisha mchana, na siku nyingine mtu huambiwa dawa zimekwisha arudi juma lijalo. Ongezeni siku za kupimwa, za kwenda hospitali kubwa ya rufaa, na za usiku mtoto alipoanguka mfululizo wakakesha hospitalini. Madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu ni wachache katika nchi hii, na wengi wako Nairobi. Aliye mbali hupoteza siku ya kwenda na siku ya kurudi.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inatupa nini? Inatupa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka. Inampa mama miezi mitatu ya uzazi, na baba majuma mawili. Inampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara mzima na saba kwa nusu mshahara, kama ana cheti cha daktari. Lakini siku hizo za ugonjwa ni za mwili wake yeye mwenyewe. Mkono wake ukiumia, sheria inamwona. Mtoto wake akiumwa, sheria haimpi hata siku moja iliyoandikwa kwa ajili hiyo. Basi mwenzetu alikula siku za livu mpaka zikaisha mwezi wa Juni, na baada ya hapo akaanza kukosa kazi. Hakukosa kwa uvivu. Alichagua kati ya barua ya onyo na dawa ya mtoto.

Wazee wa chama watakumbuka jambo moja. Zamani za ukoloni mshahara wa chini katika miji yetu ulihesabiwa kwa mtu mseja, kana kwamba mfanya kazi hana mke wala mtoto. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyokuwa chini ya Bwana Carpenter, ilisema hesabu hiyo si sawa, na kwamba mshahara lazima uelekee kumtosha mtu mwenye jamaa. Maneno hayo hayakutoka hewani. Wafanya kazi wa Mombasa walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 1947, na chama kwa chama watu walikuwa wakidai. Tangu hapo hakuna mwenye kazi anayethubutu kusema wazi mezani kwamba mshahara ni wa mseja.

Lakini siku zetu bado ni za mseja. Mshahara umekubali kwamba tuna watoto, kalenda haijakubali. Hilo ndilo neno letu la mwezi huu.

Tena si sisi tu tusemao hivi. Mkataba nambari 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanya kazi wenye majukumu ya jamaa, na unasema majukumu hayo hayawi sababu halali ya kumwondoa mtu kazini.

Tulikwenda na mwenzetu mbele ya wakubwa. Tulionyesha kadi ya kliniki yenye mihuri. Kwa haki tuseme, mkubwa aliyekaa kiti cha mbele alisikiliza, na barua ya tatu ilifutwa. Lakini barua mbili za kwanza ziko katika faili mpaka leo, na siku tano alikatwa mshahara. Tulipodai siku hizo zilipwe, tuliulizwa: "Kifungu gani cha mapatano?" Tukafungua kitabu cha mapatano. Hakuna kifungu. Sisi ndio tuliokitia sahihi kitabu hicho.

Basi katika mapatano yajayo tunapendekeza mambo manne, na tunataka matawi yote yayajadili kabla hatujaenda mezani.

La kwanza: siku kumi kwa mwaka za ruhusa yenye malipo kwa mzazi au mlezi wa mtoto anayehudhuria kliniki kwa ugonjwa wa muda mrefu. Angalieni maneno hayo vizuri. Hatusemi "mtoto mwenye ugonjwa fulani". Tukiandika majina ya magonjwa, mwenye kazi ataomba cheti chenye jina, na mtoto ambaye daktari bado anasema "sijui" ataachwa nje, naye ndiye anayehitaji siku nyingi kuliko wengine. Ushahidi uwe kuhudhuria kliniki, usiwe jina la ugonjwa.

La pili: kadi ya kliniki iliyopigwa muhuri wa siku ile ikubaliwe kama karatasi ya daktari.

La tatu: mfanya kazi aweze kubadilishana shifti na mwenzake mwenye kazi sawa, akimjulisha msimamizi, bila kuonekana mkosaji.

La nne: simu zetu hufungiwa langoni. Iwepo simu moja kwa karani wa lango, na mtu akiitwa kwa hatari ya nyumbani aambiwe saa ile ile, si mwisho wa shifti. Mwenzetu aliwahi kuambiwa saa kumi na mbili asubuhi kwamba mtoto wake yuko hospitalini tangu saa tano za usiku.

Tunajua watakavyojibu. Watasema, "Kila mtu atapata mtoto mgonjwa ghafula." Jibu letu: muhuri wa kliniki haupatikani kwa ujanja, tena hakuna mtu apendaye kukaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri. Watasema kazi itasimama. Jibu letu: mtu aliyekesha na mtoto anayeanguka, akaja kusimama mbele ya mashine kwa hofu ya barua, ndiye atakayeisimamisha kazi, pengine kwa vidole vyake.

Wako pia wanachama watakaosema, "Mimi watoto wangu wazima, kwa nini tupoteze nguvu za chama kwa jambo hili?" Ndugu, likizo ya uzazi ilidaiwa pia na watu wasiozaa. Na hakuna aliyeandikiwa kwamba mtoto wake hataanguka. Mtoto huyu naye alikuwa mzima mpaka miezi kumi na mmoja.

Sasa tujikosoe wenyewe. Mwanachama akifiwa, tunachanga siku ile ile. Daftari linazunguka, basi la kwenda mazishini linapatikana, na hilo ni jema. Lakini mtoto huyu alikuwa mgonjwa miaka mitatu, na hakuna daftari lililozunguka. Hakuna mwakilishi wa kazini aliyemwuliza mwenzetu kwa nini siku zake za livu zinaisha kwa siku moja moja. Tusingoje msiba ndipo tuone jirani. Kuanzia sasa kila mwakilishi, akiona mwanachama anakosa siku moja moja kila mwezi, amwulize kwa faragha na kwa upole kabla barua ya kwanza haijaandikwa.

Kwa wazazi wenye mtoto wa namna hii, tunaandika mambo machache tuliyoelezwa na watu wa kliniki.

Wekeni daftari. Andikeni siku, saa, upande wa mwili ulioanza, muda uliochukua, na hali ya mtoto baadaye. Kama kuna simu yenye kamera, pigeni picha za kutembea mtoto anapoanguka, mumwonyeshe daktari. Mtoto huanguka nyumbani, kisha mbele ya daktari akacheza.

Msiache dawa ghafula kwa sababu mtoto amepata nafuu. Kuacha ghafula kwaweza kuleta kuanguka kwingi kwa mfululizo. Dawa ikikaribia kwisha, nendeni kabla haijaisha.

Jiko liinuliwe au lizungushiwe, na mapipa ya maji yafunikwe. Watoto wengi wenye kifafa hawaumizwi na kifafa chenyewe bali na moto na maji.

Mtoto akianguka, mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni nguo shingoni, ondoeni vitu vigumu. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Msimshike kwa nguvu. Msimpe maji mpaka aamke kabisa. Angalieni saa: zikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajaamka, mkimbizeni hospitali.

Angalieni jina la mtoto liwe limeandikwa pamoja na lenu katika bima ya afya ya SHA. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tunakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 za mshahara wetu. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 anakatwa 825. Mkatwe, kisha mtoto asiwemo? Haifai. Asiyejua kuandikisha aje ofisini, karani atamsaidia.

Na mtoto akifika umri wa shule, msimfiche. Nendeni kwenye vituo vya EARC, vilivyoanza mwaka 1984 kwa ajili ya kupima watoto wenye mahitaji ya namna mbalimbali na kuwaonyesha shule inayowafaa. Mwenzetu alikuwa hajawahi kuvisikia. Amekwisha kupata tarehe.

Mwisho, neno kwa wote. Mtoto huyu bado hana jina la ugonjwa wake. Huenda litapatikana mwaka huu, huenda miaka mingi ijayo, huenda lisipatikane kamwe. Baba yake ametuambia kwamba sasa halali akitafuta jina. Anatafuta siku: siku ya kuchukua dawa, siku ya kupimwa mguu, siku ya kukaa na mtoto asubuhi akisema maneno yake matatu. Jina ni kazi ya madaktari. Siku ni kazi ya chama.

Mkutano wa matawi utakuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Njoni na kitabu cha mapatano. Njoni pia na wake zenu na waume zenu, maana wao ndio wanaojua foleni ya kliniki. Na ukitoka langoni leo jioni, nunua sukuma wiki kwa yule mama, na chenji uipokee mkononi.

Umoja ni nguvu.